Kupanda Asego na Mama Mkwe

Safari hii ilianza kwa simu. Mama mkwe alimpigia mke wangu, Akinyi, jioni moja tukiwa mezani. Wakaongea Kijaluo kwa muda mrefu, na kila baada ya maneno machache Akinyi alinitupia jicho na kucheka. Alipokata simu akaniambia, "Mama anataka umpeleke Asego."

Asego ni mlima ulio nyuma ya mji wa Homa Bay. Ni mfupi lakini umesimama wima, na kila mwaka wanawake wa kanisa la mama mkwe huupanda kwenda kusali. Yeye ndiye anayewaongoza kwa wimbo, tangu Akinyi akiwa shule ya msingi. Mwaka jana goti lilimkatalia katikati ya njia. Aliketi kando akawasikiliza wenzake wakiendelea, na kule kileleni wimbo ukaanzishwa na jirani yake, Mama Odoyo. Sasa siku ya sala ilikuwa imebaki wiki mbili, na maneno yalishaanza kuzunguka kwamba Mama Odoyo apewe kazi hiyo moja kwa moja. Mama mkwe alitaka kujipima kwanza bila wenzake kujua. Akifika juu, ataongoza. Asipofika, atajitoa mwenyewe kabla ya kutolewa.

"Na kwa nini mimi?" nikauliza. "Ndugu zako wako wapi?"

"Wako Nairobi. Na anasema mkwe hawezi kumsema mama mkwe wake. Hata ukitaka kusema, utaanzia wapi?"

Hapo alinipata. Mimi ni Mbukusu, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Mamboleo, Kisumu, na kwetu Bungoma heshima ya mama mkwe haina mchezo. Humpi mkono, hukai naye karibu, na mkikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Wajaluo nao wana yao inayofanana na hiyo. Katika miaka sita ya ndoa, mimi na mama huyu tulikuwa tumesalimiana kwa mbali tu, yeye mlangoni, mimi getini.

Mlima wenyewe haukunitia wasiwasi. Nimezaliwa chini ya Mlima Elgon. Nilimwambia Akinyi kwamba vilima vya huku ziwani kwetu tungeviita vichuguu. Alikuwa na mimba ya miezi minane na hakuwa na nguvu ya kubishana.

Saa kumi na moja alfajiri, Jumamosi, nilitoka Mamboleo kwa pikipiki yangu. Kulala ukweni hakupo, kwa hiyo ilikuwa lazima niende na kurudi siku hiyo hiyo. Pale Ahero mashamba ya mpunga yalikuwa bado yamefunikwa na ukungu, na baridi ilinipenya hadi kwenye mifupa. Sondu nikasimama kunywa chai.

"Unaenda wapi mapema hivi?" aliniuliza mama wa chai.

"Homa Bay, kupanda mlima na mama mkwe."

Aliweka birika chini. "Nyinyi wawili?"

"Sisi wawili."

"Basi ongeza mandazi," alisema. "Hiyo safari yako ni ngumu."

Saa mbili na nusu nilifika ukweni. Mama mkwe alikuwa amesimama nje, tayari, fimbo mkononi na raba za mmoja wa wanawe miguuni. Tukasalimiana kwa umbali wetu ule wa kawaida.

"Ora," alisema, yaani mkwe wangu, "umefika vizuri. Tuende kabla jua haijakuwa kali."

Kumpakia kwenye pikipiki yangu lilikuwa jambo lisilowezekana hata kufikiriwa. Akaita bodaboda wa kijijini, nami nikawafuata nyuma hadi chini ya mlima. Yule bodaboda alinitazama, akaitazama pikipiki yangu iliyokuwa tupu, akachukua nauli yake akaondoka bila kuuliza kitu. Ni mtu wa huko. Alielewa.

Chini ya mlima ndipo tulipogundua kosa letu. Tulikuwa tumepanga maji, viazi vitamu na fimbo, lakini hakuna aliyefikiria nani atatangulia. Akitangulia yeye kwenye mteremko mkali kama ule, macho yangu yatakuwa mahali ambapo macho ya mkwe hayatakiwi kuwa. Nikitangulia mimi, nitampa mgongo, na akianguka sitajua. Na kugeuka kila mara kumkagua ni utovu wa adabu pia. Tulisimama pale, kila mmoja akiangalia upande wake.

Mwishowe yeye ndiye aliyeamua. "Wewe enda mbele, na usigeuke. Mimi nitaimba. Ukisikia naimba, jua niko. Nikinyamaza, simama."

Saa tatu tulianza kupanda hivyo. Nitasema ukweli kuhusu kichuguu changu: baada ya dakika kumi shati lilikuwa limelowa na mapaja yananiwaka moto. Njia inapanda moja kwa moja, mawe na vichaka, na mahali pengine unashika mizizi ya miti kujivuta. Nyuma yangu sauti ilikuja bila haraka, mstari mmoja, pumzi mbili, mstari mwingine. Mama wa miaka sitini na kitu, goti bovu, anapanda anaimba, na mimi niliyezaliwa Elgon siwezi hata kukohoa vizuri. Niliona aibu, kisha aibu ikageuka kuwa kitu kingine. Nilijisikia kifua kikijaa kwa sababu ya mama huyu, ambaye hadi siku hiyo nilikuwa nikimwogopa tu.

Katikati ya njia kuna mawe makubwa yaliyopandana kama ngazi iliyojengwa na fundi mlevi. Hapo ndipo alipoketi mwaka jana. Nilipovuka jiwe la juu, wimbo ulikatika. Nikasimama kama tulivyokubaliana, uso kwenye mlima.

"Mama?"

"Niko."

"Ni goti?"

"Imekataa. Hapa ndio ilikataa ile siku."

Ningekuwa na mama yangu mzazi ningemshika mikono nikamvuta, ikaisha. Nikamsikia akigonga jiwe kwa fimbo. "Ora, shika hii. Wewe shika huko juu, mimi nitashika chini. Na usigeuke."

Nikarudisha mkono nyuma hadi nikaigusa fimbo. Nikaikamata, nikakanyaga vizuri, nikavuta kama ninavyovuta geti lililokwama. Uzito wake wote ulikuja mkononi mwangu kupitia ile fimbo. Tulifanya hivyo jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne alianza kuimba tena kabla hata hajamaliza kupanda.

Saa nne na robo tulikuwa juu. Upepo wa ziwa ulitupiga usoni. Chini kulikuwa na mji wa Homa Bay, mabati yanameta, gati inaingia majini, na magugu maji yamejikusanya kando ya ufuo kama zulia la kijani. Ng'ambo ya ghuba mlima wa Homa ulisimama peke yake. Upande wa magharibi milima iliendelea mmoja nyuma ya mwingine, hadi huwezi kujua kipi ni nchi kavu na kipi ni kisiwa. Nimewahi kuona Kisumu kutoka kilima cha Riat, na hupendeza, lakini hii ilinishinda maneno.

Mama mkwe hakuangalia lolote kati ya hayo. Alienda hadi mahali wanaposimama siku ya sala, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akaimba wimbo wote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, peke yake, kana kwamba wenzake wote wako nyuma yake. Mimi nilikaa mbali nikiwa nimempa mgongo. Siimbi na Kijaluo changu ni cha sokoni, lakini nilifurahi kiasi kwamba nilitamani kuwe na mtu wa kumwambia.

Kisha akaweka viazi vyangu na chupa ya maji juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa, nami nikaenda kuvichukua. Tulikula hivyo, tukiangalia ziwa moja.

Saa tano na nusu tulianza kushuka, mimi mbele, wimbo nyuma. Kushuka ndiko kuna hila. Kokoto zinakimbia chini ya kiatu, na goti linapigwa kila hatua. Tulivuka mawe yale salama, nami nikaanza kulegeza moyo. Ndipo wimbo ulipokatika katikati ya neno, na kokoto zikanipita miguuni zikielekea bondeni.

Niligeuka. Alikuwa ameketi chini anateleza kuelekea upande wa korongo, fimbo imeshamtoka. Sikufikiria Bungoma wala Homa Bay. Nilimrukia nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikajikita kwenye shina la kichaka, na tukasimama hapo.

Alikuwa anahema. Alikuwa ameangalia pembeni, na mimi pembeni upande mwingine, lakini mikono ilikuwa imeshikana.

"Umekanyaga vizuri, Mama?"

"Nimekanyaga."

"Nikuachilie?"

"Ngoja kidogo," alisema. Baadaye akasema, "Sasa."

Tukashuka kimya. Hakuimba tena, na kimya hicho kilinitisha kuliko korongo. Kwetu jambo kama hilo linaitisha wazee na mbuzi wa kusafisha mwiko. Nilijiona nimemharibia yote: nimemshika, na sasa hata mlima alioupanda hataweza kuutaja bila kulitaja hilo.

Saa saba mchana tulirudi nyumbani kwake na kumkuta Mama Odoyo uani, amekuja kuazima karai, tayari amelishika mkononi. Alitutazama kutoka juu hadi chini. Kwenye blauzi nyeupe ya mama mkwe, mkono wa kulia, vidole vyangu vilikuwa vimeandikwa kwa udongo mwekundu, vyote, wazi kabisa.

"Min Akinyi," yaani mama Akinyi, alisema pole pole, "nani amekushika hivyo?"

Niliangalia chini. Mama mkwe angeweza kusema chochote: bodaboda, mtoto, ng'ombe. Siri yake ingebaki salama, na mimi nisingefungua mdomo.

"Ni ora," alisema. "Nilienda Asego, nikateleza nikishuka. Angeogopa kunishika, saa hii mngekuwa mnanitafuta huko chini kwa mawe."

Mama Odoyo aliweka karai chini. "Ulifika juu?"

"Nilifika."

"Ukaimba?"

"Yote."

Nilitegemea Mama Odoyo aseme kwamba aliyeteleza hafai kuongoza, na angekuwa na haki kusema. "Basi siku ya sala mimi nitakuwa nyuma yako," alisema. "Ukiteleza nitakushika mimi. Mimi si mkwe, sina shida."

Saa kumi na mbili jioni nilikuwa Mamboleo, mwili wote unauma. Akinyi aliniuliza kuhusu kichuguu, nikamwomba msamaha mimi pamoja na Elgon yangu. Kuhusu mkono sikumwambia. Niliona hilo ni la mama mwenyewe kulisema au kuliacha.

Jumapili mchana simu zilianza kuingia kutoka Homa Bay, kina mama watatu mmoja baada ya mwingine, wote wakimtaka Akinyi. Mama mkwe hakuwa ameifua ile blauzi. Alikuwa ameivaa kanisani vile vile, akakaa kiti cha mbele, na kila aliyemuuliza alinyooshewa mkono na kuambiwa, "Hii ni vidole ya mkwe wangu wa Kisumu. Hesabu, ziko zote."