Refa Mbele ya Wakwe

Vyuo vyetu viwili vya ualimu, kimoja upande wa Kasulu na kingine upande wa Kibondo, vilikuwa haviwezi kucheza mpira bila kupigana. Tukienda kwao, tunarudi na kioo cha basi kimevunjwa. Wakija kwetu, wanarudi wanachechemea. Mwaka 2013 wakuu wa vyuo wakakaa, wakasema imetosha: mechi ya mwaka huo ichezwe mahali pasipo petu wala pao, na ikiharibika, hiyo ndiyo ya mwisho. Kazi ya kutafuta uwanja na siku nikapewa mimi, mkufunzi wa Jiografia na michezo, mtu wa Tanga, kwa hoja kwamba sina ndugu katika Buha nzima, nchi ya Waha, na kwa hiyo siwezi kumpendelea yeyote.

Hoja hiyo ilikuwa na tobo. Ndugu sina, kweli. Lakini nilikuwa natafuta wakwe.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kasulu mjini, na kwao ni kijiji kimoja kando ya barabara ya Kibondo, si mbali na Busunzu. Mshenga wangu alikuwa mkufunzi mwenzangu, Muha mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Posa alishaipeleka, ikapokewa, tukapangiwa Jumapili ya kwenda kuchukua majibu. Mchumba akanionya mapema. "Mpaka siku hiyo mama hatakiwi kukuona, na wewe usimwone. Hata baadaye mtaheshimiana kwa mbali. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani." Nikamwambia asijali, mimi nimelelewa.

Sasa pale kijijini kwao pana uwanja wa mnada wa ng'ombe. Mpana, umekaa sawa, upande mmoja una mazizi ya magogo na josho. Nikiupita kwenye basi nilikuwa naupigia mahesabu: ukiondoa vigingi viwili vya katikati na ukasimamisha magoli, timu kumi na moja kwa kumi na moja zinaenea. Na ni katikati ya safari, kila chuo kinasafiri karibu sawa. Nilipompigia simu mkufunzi wa michezo wa Kibondo akaguna, akauliza kwa nini hapo. Nikamjibu kwamba ni katikati. Hilo halikuwa uongo.

Kupata siku ndiko kulikonitoa jasho. Ijumaa ina Waislamu wa vyuo vyote viwili. Jumamosi asubuhi ina Wasabato, na golikipa wao alikuwa Msabato, mchana alikubali kucheza lakini ibada ya asubuhi hakosi. Jumapili ni kanisa. Kulikuwa na juma la mnada wenyewe, halafu juma la mitihani, halafu mwenyekiti wa kijiji akasema uwanja hautoki mpaka wachungaji wa ng'ombe wakubali. Mwishowe ikabaki Jumamosi moja tu, alasiri, Wasabato wakishatoka ibadani. Ilikuwa mkesha wa siku yangu ya majibu.

Nilijiona mjanja, jamani. Nikawaza kijiji kizima kitaniona nimevaa suruali nyeusi ya pasi na shati jeupe, natoa maelekezo, walimu wananisikiliza, na habari zitafika kwa wakwe kabla sijafika mwenyewe. Mama yake haendi mpirani, mchumba alishaniambia. Kwa hiyo sifa zingemfikia, mimi nisimfikie. Hebu fikiria akili hizo.

Jumamosi ikafika. Tulikuta mistari imechorwa kwa majivu na watu wamejaa pande zote, wengine wamekaa juu ya magogo ya mazizi. Mavi ya ng'ombe yalikuwa yamefagiliwa, lakini kufagia mnada ni kazi ya kujifurahisha tu. Timu zikapasha. Saa ya kuanza ikapita. Refa, ambaye tulimwagiza kutoka Kakonko ili asiwe wa huku wala wa kule, akapiga simu kwamba pikipiki imemfia porini na haoni dalili ya kufika.

Wakataka kuahirisha. Ukiahirisha, hakuna Jumamosi nyingine, na wanachuo walishaanza kutupiana maneno. Nikapendekeza mwalimu mmoja wa kijijini, wetu wakamkataa. Wao wakampendekeza dereva wao, tukacheka. Ndipo yule mkufunzi wa Kibondo akaninyooshea kidole. "Achezeshe huyu."

Wachezaji wake wakamshangaa. Huyu si wa Kasulu?

"Ni wa Kasulu, lakini kesho anakuja kuchukua majibu ya posa hapahapa," akasema, na mimi moyo ukanilipuka, maana sikujua kwamba anajua. "Mbele ya wakwe zake ataiba vipi? Hakuna mtu aliyefungwa mikono kama huyu."

Watu wote wakakubali, wetu kwa wao. Nikasimama pale naona haya ya kwanza, na siku ilikuwa bado ndefu.

Nilikuwa na suruali moja tu, ile ya kesho. Sikutaka kuitia kinyesi. Kwenye begi nilikuwa na bukta yangu ya tangu chuoni, fupi, imebana, rangi imeshakimbia. Nikasema ni dakika tisini tu, na anayepaswa kuheshimiwa hayupo. Nikavaa, nikapuliza kipenga.

Mpaka mapumziko mambo yalikwenda. Kipindi cha pili nikawapa wetu penalti, ya haki kabisa, na kijiji chote kikanigeuka, maana kijiji kiko wilaya ya Kibondo na mpira una wenyewe. Nilitukanwa kwa Kiswahili, nikatukanwa kwa Kiha, na Kiha nilikuwa nimeshajifunza kiasi cha kutosha kwa bahati mbaya. Alitajwa mama yangu. Ilitajwa miguu yangu, myembamba, na bukta yenyewe ikapewa aya yake. Mzee mmoja kwenye magogo alikuwa na sauti ya kupasua mawe. Kila nikipita upande wake ananipokea na jipya. Mimi nina hasira za karibu, siku nyingine ningemwendea. Siku ile nikameza.

Kisha mpira ukapigwa juu kuelekea pembeni, nami nikawa narudi kinyumenyume nikiutazama. Nikakanyaga mahali palipofagiliwa vibaya. Nikaenda chini chali, nikateleza mpaka kwenye safu ya akina mama waliokuja na vigoda vyao, na kichwa changu kikatua kwenye miguu ya mmoja wao.

Nikatazama juu. Sijawahi kumwona, lakini uso ule nilikuwa naufahamu. Ni uso wa mchumba wangu, umezeeka.

Yule mama akavuta kitenge chake akajifunika uso, akainuka, akaondoka bila kukimbia na bila kugeuka, wawili wakamfuata na kigoda chake. Mimi nimelala pale, bukta imepanda, mgongo wote kinyesi. Hata yule mzee wa magogo alifunga mdomo. Ningepata shimo la panya ningeingia.

Nikainuka, nikachezesha mpaka mwisho kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Waligawana goli moja moja na hakuna aliyepigana na mtu. Wakuu wa vyuo walifurahi. Kwenye basi wanachuo wetu waliimba njia nzima, mimi nimekaa nyuma ya dereva nimeinamisha kichwa. Mchumba nilimpigia, hakupokea. Nikampigia tena, akapokea, akasema, "Nimesikia," akakata.

Jumapili nikamwambia mshenga twende tukaombe radhi tu, majibu nimeshayajua. Alivaa koti lake tukapanda basi. Suruali ilikuwa safi na pasi imekaa, na kila nikiitazama nilitamani kulia.

Tulikaribishwa sebuleni. Baba wa mchumba alikuwa kwenye kiti chake, na ndugu wa kiume wamejipanga ukutani. Nilipozungusha macho nikamkuta yule mzee wa magogo. Kumbe ni baba mdogo. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa na pazia, na nyuma ya pazia palikuwa na watu, nikasikia kanga zikisogea.

Baba akatusalimu taratibu, akauliza habari za safari. Kisha akasema, "Kabla hatujafika kwenye lililowaleta, naona mgeni wetu ana neno."

Nikainuka. "Baba," nikasema, "nimekuja kuomba radhi. Jana pale uwanjani, mimi, mbele ya mama…"

"Mimi jana sikwenda uwanjani." Sauti ilitoka nyuma ya pazia, ya mwanamke mtu mzima, haina haraka. "Nilikuwa mtoni, naloweka mihogo."

Shangazi mmoja, naye nyuma ya pazia, akasema, "Tulikuwa wote mtoni." Kaka mkubwa pale ukutani akakohoa, akasema yeye alikwenda Busunzu kutafuta mbegu. Mwingine akasema alilala, kichwa kilikuwa kinamgonga.

Ikabaki zamu ya baba mdogo. Alipofungua kinywa sauti haikutoka. Ilikuwa imekauka yote kwa kelele za jana, akalazimika kunong'ona kama mtu mwenye mafua. "Na mimi," akasema, "mpira siupendi."

Hakuna aliyecheka. Nyuso zote zilikuwa zimekaa kwa adabu zinanitazama, na mimi machozi yakanijaa. Matusi ya jana niliyameza yote, lakini huruma ile ilinishinda. Nilitaka kukaa, nikaona sijaambiwa.

Baba akanigeukia.

"Na wewe, mkwe wetu," akasema, "jana ulikuwa wapi?"

Aliniita mkwe. Mshenga akanigusa kwa kiwiko.

"Nilikuwa Kasulu, baba," nikasema. "Nilikuwa nafua."

"Vizuri," akasema. "Kaa basi, wanaleta maji ya kunawa."