Nilivyofiwa na Shangazi Ambaye Sina

Nianze kwa kukiri mwenyewe, maana nikichelewa mtayasikia kwa Mama Furaha, na yeye hadithi haitoki kinywani kwake bila kuongezwa chumvi. Mimi, Jeneroza, mama wa watoto wawili, mwimba kwaya sauti ya pili, niliwahi kuketishwa kwenye godoro sakafuni, nimefunikwa blanketi zito katikati ya joto la Durban la mwezi wa pili, huku wanawake tisa wakinipa pole kwa kifo cha mtu ambaye hajawahi kuzaliwa. Hadi leo nikiona mshumaa moyo unaniruka.

Mambo yalianza hivi. Kuna ofisi moja ya msaada (jina silitaji, wameshanichoka na mimi nimewachoka) iliyokuwa ikinilipia nusu ya kodi ya chumba changu pale Point, kwa sharti moja tu: nisiwe na kazi. Basi mimi na kiherehere changu nikapata kazi. Ghala moja la Clairwood, kubandika stika za bei kwenye mabakuli ya plastiki yanayoshushwa kwenye makontena, kutwa nzima umesimama, na siku usipofika hulipwi, na usipokuwa na sababu nafasi yako anapewa mwingine. Sasa ukitoa nauli ya taksi (ndizo daladala za huku) ya kwenda mjini, na nyingine ya kutoka mjini hadi Clairwood, na kurudi vilevile, ukatoa na ada ya kreshi anakolelewa mtoto mdogo, kinachobaki mkononi ni kile kile ilichokuwa ikinipa ofisi nikiwa nimelala, tena kimepungua mkate. Nilipiga hesabu mara tatu nikidhani kuna mahali nimekosea. Sikukosea. Yaani nilikuwa naamka saa kumi alfajiri ili niwe maskini zaidi kidogo kuliko nilipokuwa naamka saa mbili.

Mtasema, si ungeiacha? Nilijiambia hivyo kila jioni nikivua viatu. Lakini binti yangu mkubwa aliulizwa shuleni mama yake anafanya nini, akajibu bila kuangalia chini, akaja kunisimulia nyumbani kwa maringo, na mimi basi nikaishiwa nguvu ya kuiacha. Na msaada nao nisingeuacha, maana bila ile nusu ya kodi mwenye nyumba angetutoa na magodoro yetu mwezi huohuo. Nikavishika vyote viwili, nikanyamaza, na mshika mbili mnajua yanayompata.

Jumatatu jioni simu ikalia. Ofisi. Alhamisi saa nne asubuhi mtu wao atakuja kunitembelea chumbani, kuona kama hali yangu ni ileile, na wakinikosa jina langu linafutwa. Alhamisi saa nne asubuhi mimi huwa Clairwood na stika zimenibana vidole! Nikaenda kwa Mama Furaha, jirani yangu wa Bukavu (tunatenganishwa na ubao tu, akikohoa mimi nasema pole), mwanamke aliyeishi kwa misaada miaka na miaka na anayejua fomu zote kuliko wanaozichapisha.

"Weye Jeneroza, uko unatumika ju ya nini?" akaniuliza, maana kwao kutumika ni kufanya kazi. "Ju ya kulipa taksi za batu?"

"Nisaidie kwanza, utanisema baadaye."

"Ambia batu ya kazi umefiwa. Hapa mutu akifiwa, hata boss hawezi sema kitu."

"Nimefiwa na nani?"

"Shangazi! Kila mutu iko na shangazi."

Mimi sina. Baba yangu alizaliwa peke yake. Na hapo ndipo shetani aliponishika sikio, maana nilijiambia, kama shangazi sina, basi nikimfisha sitakuwa nimemdhuru mtu.

Jumanne nikamwambia MaDlamini. Huyo ndiye msimamizi wa meza yetu ghalani, Mzulu, mama mpana mwenye sauti ya kanisani, mkali kwa stika iliyopinda lakini moyo wake mlaini. Nilitegemea aseme sawa, nenda, basi. Akanishika mikono yote miwili. Macho yake yakajaa maji, akaniuliza naishi wapi, na mimi badala ya kusema Point nikaishia hapo, nikamtajia jengo, ghorofa na rangi ya mlango, kwa sababu mwongo akishaanza kuaminiwa huwa mkarimu wa maelezo. Nikaondoka pale nikijisifu kwamba limepita kirahisi.

Alhamisi ikafika. Nimefagia, nimeficha kizibao changu cha kazi (kile cha kijani kinachong'aa) chini ya sufuria, nimekaa kwa sura ya mtu asiye na kazi. Saa nne kamili mlango ukagongwa. Alikuwa msichana wa Kikenya, anasoma chuo kule Westville na huku anaifanyia kazi ile ofisi, mpole, amevaa beji shingoni: Mercy. Nikampa kiti, kiti chenyewe ni kimoja, akatoa fomu yake.

"Usiogope, dada, ni maswali tu ya kawaida. Umepata kazi yoyote tangu ofisi ilipokutembelea mara ya mwisho?"

"Hapana."

"Hata ya kibarua?"

"Hata ya kufagia."

Akaandika. Kalamu ilikuwa bado inatembea kwenye karatasi niliposikia nyimbo zinapanda ngazi. Nyimbo za Kizulu, za taratibu, sauti nyingi za wanawake (lifti yetu ni mbovu tangu nihamie, kwa hiyo walikuwa wanapanda ghorofa nne kwa miguu na pumzi zinawakata katikati ya beti). Nikasema moyoni, masikini, kumbe kuna mtu amefiwa humu jengoni. Nyimbo zikapita ghorofa ya pili. Zikapita ya tatu. Zikasimama mlangoni kwangu.

Mnaona jinsi mtu anavyoweza kuwa mjinga? Mpaka mlango unafunguka nilikuwa bado namhurumia mfiwa.

MaDlamini akaingia wa kwanza, nyuma yake wanawake wote wa meza yetu, wote na vizibao vyao vya kijani, mmoja amebeba mfuko wa unga kichwani, mwingine kabichi mbili. Kontena lilichelewa bandarini, wakaambiwa warudi makwao bila malipo ya siku, na badala ya kurudi makwao wakaja kwangu. Kwa nauli zao! MaDlamini akanikumbatia, akasema, "Akwehlanga lungehlanga," yale maneno yao ya pole, akalia begani kwangu kilio cha kweli, machozi ya moto yakanishuka shingoni.

Mercy akasimama haraka. "Woi, dada, pole sana! Kumbe umefiwa na hukusema?"

Sasa ningefanya nini? Nikaitikia kwa kichwa. Kwa huyu sina kazi, kwa hawa nimefiwa, na wote wamo chumba kimoja ambacho nikinyoosha mikono nagusa kuta mbili.

MaDlamini akatazama huku na huku, akaona hakuna mshumaa, hakuna godoro chini, kioo kiko wazi, akatikisa kichwa kwa huruma kama vile sisi wa Burundi hatukufundishwa kuomboleza. Kabla sijasema neno walishusha godoro sakafuni, wakageuza kioo, wakafunika televisheni kwa taulo langu, wakaniketisha, wakanitupia blanketi mpaka kidevuni, wakawasha mshumaa waliokuja nao. Jasho lilinitoka, na wao wakadhani ni machozi, wakazidisha kuimba.

Halafu MaDlamini akaniuliza kwa Kiingereza, shangazi aliitwa nani, wamtaje katika sala. Sikuwa na jina! Nilikuwa nimemuua mtu bila hata kumbatiza. Nikainua macho kutafuta msaada, na kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa ile beji.

"Mercy," nikasema.

"Eish," msichana wa Kikenya akanong'ona, akajishika kifua. Wakamwombea marehemu Mercy dakika nyingi, mapumziko mema, malaika wampokee, na Mercy mwenyewe amesimama pale ameinamisha kichwa, anaitikia amina.

Ingeweza kuishia hapo. Naapa, ingeweza. Lakini MaDlamini hawezi kumaliza sala bila kumtia mfiwa moyo, akaanza kunisifu mbele ya mgeni. Kwamba miezi miwili sijachelewa hata siku moja. Kwamba nafika getini kabla ya mlinzi. Kwamba stika zangu hazipindi, na nafasi yangu mezani itanisubiri hadi Jumatatu. Mercy akatazama vile vizibao, kimoja kimoja, kisha akatazama fomu yake.

"Dada Jeneroza," akasema kwa Kiswahili, polepole, "huyu mama anaongea kuhusu kazi gani?"

"Ni... ya kujitolea."

"Anasema nini?" MaDlamini akauliza.

"Anasema pole," nikamjibu.

Na hapo Mama Furaha, aliyesikia kilio kupitia ubao akadhani sasa kweli kuna maiti, akaingia na kitenge kichwani, mikono juu, analia, "Yesu wangu! Nani amekufa? Jeneroza, ni nani? Si tulisema ni ya bongo tu?"

Mercy alisikia kila neno, na kwamba bongo ya Bukavu ni uongo hakuhitaji kutafsiriwa. Akafunga kalamu. Wale wengine hawakuelewa lugha, lakini uso wangu waliuelewa, nyimbo zikaisha moja moja, na MaDlamini akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia ghalani kama kuna jambo. Nilikuwa na uongo mwingine tayari mdomoni, wa tatu au wa nne. Lakini nilikuwa nimechoka, na blanketi linaniunguza, na machozi yake yalikuwa hayajanikauka shingoni. Nikamwambia hakuna aliyekufa. Nikamwambia yote, kodi, taksi, kreshi, hesabu, nikiwa bado nimekaa kwenye godoro lile.

Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alimgeukia Mercy, akamuuliza, "Kwa hiyo akikaa hapa mnamlipia chumba, na akija kazini mnaacha?" Mercy akasema ndiyo, huo ndio utaratibu, si yeye aliyeutunga, na kwa kweli alikuwa anakaribia kulia. MaDlamini akawauliza wenzake ni nani kati yao anayebakiwa na kitu akishalipa taksi. Mmoja alicheka kidogo, akaacha.

Kisha akauzima mshumaa kwa vidole, akautia mkobani kwake, akaniambia, "Nilimzika dada yangu kabla ya Krismasi. Nilikuwa namlilia yeye hapo begani kwako." Akatoka. Unga na kabichi waliviacha, na mimi ningelipa nauli zao wote kama wangevibeba warudi navyo, maana ule ugali tuliula wiki mbili na kila tonge lilinikwama.

Jina langu lilifutwa siku ileile. Chumba nikakigawa kwa pazia, nusu nikampa mwanamke mmoja wa Tanzania na mashine yake ya cherehani, na sasa tunalala watatu kwenye godoro lile lile la msiba. Jumatatu nilirudi ghalani, sikuwa na pengine pa kwenda. Nafasi yangu ilikuwepo, kama alivyosema. MaDlamini akaniwekea katoni mbele, na hakusema nami hadi Ijumaa, alipopita nyuma yangu akasimama.

Watu huniuliza, wewe uliyeonja vyote, kipi bora, kazi ya senti au msaada? Najibu kwa hasira, kwa sababu hesabu haijabadilika, bado naibandikia taksi stika kutwa, na yeyote atakayewaambia kazi ni heshima mwambieni akamlipe mwenye nyumba kwa hiyo heshima. Lakini katika miaka yote ya msaada walionijia ni watu wenye fomu. Kazi miezi miwili tu, wakanijia watu tisa wa kunililia, na mimi nikawadanganya. Nimeapa: nikitaka siku ya mapumziko nitasema naumwa tumbo, na kama tumbo haliumi nitakula kitu liumwe.

Ile Ijumaa MaDlamini aliposimama pale nyuma yangu, niliendelea kubandika, sikuthubutu kugeuka.

"Dada yangu aliitwa Thandi," akasema. "Leo ukisali, mtaje huyo. Huyo yupo."