Sauti Yangu Ilisema Asante

Sauti yangu imo kwenye simu za watu wengi ambao sijawahi kuwaona. Zamani nilijivunia. Siku hizi nikiomba fungu la nyanya sokoni Mikumi, mtu ananigeukia na kuuliza, "Wewe si yule wa tembo?" Nakubali, nalipa, naondoka. Sina hamu ya kusimama kupiga soga.

Nilikuwa nimestaafu ualimu wa shule ya msingi Kilosa, nimebaki na kazi ya kusoma matangazo kanisani kila Jumapili. Mradi mmoja wa kuwasaidia wakulima wanaopakana na hifadhi ulikuwa unatafuta mtu wa kurekodi sauti, na mtu fulani akanitaja. Kuueleza kulikuwa rahisi. Mkulima akiona tembo wameingia shambani kwake, anapiga namba isiyo na malipo, sauti ya mashine inampokea, anataja kijiji na kitongoji, mambo yanakwisha. Tembo akishalionja shamba hulala kwenye kichaka cha jirani, kisha hurudi jioni kuendelea na mlo. Kwa hiyo taarifa ikisomwa asubuhi, askari wa wanyamapori wanafika kabla jua halijazama. Sauti ya kupokea simu ingekuwa yangu, na masikio ya kusikiliza asubuhi yangekuwa yangu pia. Nilipewa chumba kidogo Mikumi, feni, kompyuta, na tovuti ya kujaza nilichosikia ili askari wakisome.

Vijana wawili waliobuni huo mfumo walitoka Dar. Vijana wazuri, wenye adabu. Waliniamkia kila asubuhi, na mmoja alinibebea kiti bila kuambiwa. Tukakaa sebuleni kwenye nyumba ya wageni waliyofikia, wakanipa karatasi yenye maneno ya kusoma. Ilianza hivi: "Karibu. Baada ya mlio, taja kijiji na kitongoji chako." Nikawarudishia.

"Salamu iko wapi?"

"Mwalimu, tunataka iwe fupi. Mtumiaji hana muda."

"Mtumiaji wenu ni mzee wa miaka sabini. Utamwamuru ataje kijiji kabla hujamwamkia?"

Mama yangu alizaliwa milimani, juu ya Kilosa. Mtoto akija kwake anahema na ujumbe mdomoni, hata kama ni wa msiba, mama alimrudisha mpaka mlangoni aanze upya na shikamoo. Nilirudishwa mlangoni mara nyingi. Kwa hiyo siku ile niliona natetea jambo kubwa, na vijana wakatazamana. Mmoja akasema, "Weka tu, mwalimu. Haina madhara."

Nikaweka. Niliisema shikamoo ile taratibu, huku nimeinama kidogo, ingawa mbele yangu kulikuwa na meza tu na chupa ya maji. Baada ya salamu yakafuata maelezo papo hapo, bila pengo, kisha mlio, kisha sekunde ishirini za mkulima kusema. Walisema ishirini ni nyingi, kijiji na kitongoji mtu anavitaja kwa sekunde tano. Mwisho nikasoma, "Asante kwa taarifa yako." Hiyo waliniomba niiseme huku natabasamu, eti tabasamu husikika. Nikatabasamu.

Majaribio tuliyafanya palepale. Kijana mmoja alipiga akiwa kwenye kochi, akataja Ruhembe. Mwingine alipiga akiwa barazani, akataja Msowero. Sauti zikaingia safi, wakagongeana mikono. Watatu sisi, hakuna aliyekuwa na hata tuta la mahindi kwenye njia ya tembo, na wote tulijua mashine itasema nini kabla haijasema. Asiyekuwapo na lake halipo. Baadaye wakapelekwa watu vijijini na vishikwambi, wakaandikisha wakulima mmoja mmoja: jina, namba ya simu, kijiji, kitongoji, shamba liko wapi. Kazi hiyo ilifanywa vizuri sana, nakumbuka niliisifia.

Mahindi yalipoanza kubeba, simu zikaanza. Asubuhi ya kwanza nilivaa visikilizio, nikabonyeza rekodi ya juu kabisa.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Kimya. "Hujambo wewe?" Kimya. "Haloo?" Halafu mimi mwenyewe, nikitabasamu: "Asante kwa taarifa yako."

Nilicheka mpaka nikavua miwani. Rekodi ya pili ilikuwa hivyohivyo. Kufikia siku ya nne nilikuwa sicheki tena.

Waendesha bodaboda na vijana wa kukata miwa hawakuwa na shida. Walipuuza salamu yangu, wakasema kitongoji, wakasema tembo ni wangapi, wakakata. Lakini mashamba si ya vijana. Mashamba ni ya wazee, na mzee akiamkiwa anaitikia, akishaitikia anakujulia hali, akishakujulia hali anangoja umjibu. Akisikia kimya anadhani mtandao unasumbua, anarudia. Kulikuwa na mzee mmoja, kwa lafudhi ni wa wale waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa na ng'ombe wao. Aliniuliza mvua, akaniuliza watoto, akaniuliza mifugo, mimi niliyenyamaza tu kwenye waya. Alikuwa mstaarabu kuliko sisi wote tuliokaa pale sebuleni. Sekunde ya kumi na tisa nilimsikia akisema, "Sasa mwanangu, nilichokupigia," na mimi nikamkatiza kwa shukrani.

Nilifundisha watoto wa watu kusalimia kwa miaka mingi. Niliwaambia ukiamkia, simama, usikimbie kabla hujaitikiwa. Halafu nikaifundisha mashine kuamkia na kukimbia.

Tovuti nayo ilikuwa na mambo yake. Ili niandike kijiji, ilinifungulia mikoa yote ya nchi, nishuke na kidole mpaka Morogoro, kisha wilaya, kisha kata, na hivyo kwa kila rekodi, kana kwamba kesho yake nitaletewa tembo wa Kigoma. Nikienda kunywa chai nikirudi inanidai neno la siri upya. Na rekodi isiyotajwa kijiji haikuwa na mahali pa kuandika "sijui". Ukiacha wazi, inakataa kuhifadhi. Kwa hiyo marahaba zile zote zilibaki pembeni, haziendi mbele wala nyuma. Kule Dar, kwenye skrini ya vijana, kila simu iliyoingia ilikuwa na alama ya kijani na neno "Imepokelewa". Nilioneshwa baadaye. Kulikuwa na kijani kingi sana.

Niliwapigia. "Mwalimu, tunaliona," kijana akasema. "Wazee wanahitaji elimu kidogo ya matumizi. Tutaandaa kipeperushi."

"Wazee wameitikia salamu. Unataka nikawafundishe wasiitikie?"

Akasema ataliingiza kwenye orodha ya marekebisho. Niliifahamu orodha ile. Suala langu la mikoa lilikuwa huko tayari, limetulia.

Ndipo ikaingia simu ya mama mmoja. Sauti yake ilikuwa nyembamba, isiyo na haraka. Siku ya kwanza aliitikia, akanijulia hali mara mbili, kisha akatulia kabisa, na katika utulivu ule nilisikia kuku wake na mtu akitwanga mbali kidogo. Asante kwa taarifa yako. Siku ya pili alisema, "Marahaba, mwanangu. Wamerudi, ni wale wale." Akangoja. Siku ya tatu alisema, "Marahaba. Nipo hapahapa, mwanangu. Sijaondoka."

Hiyo ya tatu niliirudia mara nne. Hapahapa wapi? Nilitaka kumpigia, lakini tovuti ilinionesha namba yake ikiwa na nyota katikati, ili kulinda siri ya mtumiaji. Nikajiuliza analindwa na nani, maana aliyekuwa akiitazama namba ile ni mimi peke yangu, na kazi yangu ilikuwa moja tu, kumsaidia.

Nikaomba nifunguliwe namba. Nikaelekezwa kwenye fomu ndani ya tovuti hiyohiyo. Fomu ikanitaka niweke barua pepe ya taasisi. Ninayo ya kawaida tu, niliyofunguliwa na binti yangu. Ikakataa kwa maandishi mekundu. Nikajaribu tena, ikanifuta yote niliyokuwa nimejaza, pamoja na sababu ya ombi niliyoiandika kwa uangalifu. Mchana ulifika bado nipo na fomu. Hapo hasira ilinipanda. Nikampigia kijana, na nikatumia sauti niliyokuwa nikiitumia darasa la sita likishindikana.

Hakubishana. Baada ya muda mfupi ukaingia ujumbe kwenye simu yangu. Ulikuwa na kila kitu: Ruhembe, kitongoji chake, ekari moja na nusu, mahindi, kando ya kijito. Chini yake aliandika, "Ilikuwepo kwenye usajili toka mwanzo, mwalimu. Ila usajili na simu haviongei."

Nikampigia mkuu wa askari moja kwa moja, bila kupitia tovuti, wakaenda jioni hiyo. Asubuhi yake nikapanda basi la njia ya Kidodi, kisha bodaboda katikati ya miwa. Sikutumwa na mtu. Nilikuwa siwezi kukaa tena kwenye kile chumba.

Nilimkuta nje ya nyumba yake, amekaa kwenye kigoda, anamenya mahindi machache mabichi yaliyookolewa. Nilisimama hatua chache nikasema, "Shikamoo, mama."

Aliinua kichwa kabla hajanitazama vizuri. "Marahaba. Ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani hawajambo? Na huko Mikumi kazi zinaendaje?" Aliniuliza yote, na mimi nikamjibu yote, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha. Kisha akainuka akanipeleka shambani. Mabua yalikuwa yamelala yote kuelekea kijitoni. Nyayo zilikuwa zimejaa maji. Karibu na nyumba palibaki mistari miwili imesimama, hapo ndipo yalipotoka yale aliyokuwa anamenya. Alinieleza kuwa siku ya kwanza walikula kona tu. Siku ya pili walikula nusu. Ya tatu askari waliwakuta wamebakiza mistari hiyo miwili.

Miaka yote, nilijua mimi, na kila mtu wa upande ule anajua, watu wakiona tembo huitana. Wanakuja na madebe, wanachoma pilipili na mavi ya ng'ombe, wanapiga kelele mpaka wale wakubwa wanachoka na kuondoka. Nikamuuliza kwa nini hakuwaita majirani baada ya ile siku ya kwanza.

Akanishangaa. "Niwaite wa nini? Si ulishasema asante?"

Niliitazama ile mistari miwili.

"Ulisema asante kwa taarifa," akaendelea, bila ubaya wowote. "Nikajua imefika, mnakuja. Nikawaambia majirani walale, watu wa tembo wako njiani. Na mimi nikakaa. Si nilikwambia nipo hapahapa?"

"Mama, hukutaja kijiji."

"Kijana wenu si aliniandika? Jina langu, Ruhembe, mpaka hicho kijito. Nikajua mnanijua."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mtoto mlangoni kwa mama yangu. Hakuna kosa moja alilofanya. Aliamkiwa akaitikia, aliandikishwa akaamini ameandikwa, alishukuriwa akaamini amesikika. Wakati naaga alinifungia mahindi matatu kwenye kitambaa. Nilijua yanatoka kwenye mistari miwili, na nilijua pia siwezi kuyakataa. Nikayapokea kwa mikono miwili.

Vijana walikuja Mikumi wiki hiyo. Niliwasimulia neno kwa neno, na nawapa haki yao, hawakutaja kipeperushi tena. Waliunganisha usajili na simu, ingawa iliwachukua muda: sasa namba yako ikipiga, mashine inakitaja kitongoji chako yenyewe, na wewe unabonyeza moja kukubali. Mmoja akashauri tuondoe shikamoo, tupunguze usumbufu. Nikakataa. Nikamwambia shikamoo ibaki, na baada yake waache kimya kirefu cha mtu kuitikia. Wakaniachia.

Tulibishana kwenye sentensi ya mwisho. Niliwaambia asante siisemi tena, na nikawapa niliyoiandika mwenyewe.

"Mwalimu, mtu akisikia hivi ataona huduma haifanyi kazi."

"Ataita watu."

Kijana akanirudishia karatasi, akawasha kinasa sauti. Safari hii hakuniomba nitabasamu. Nikasoma: "Ujumbe wako umefika kwenye mashine. Bado hakuna mtu aliyeusikia. Usitusubiri. Waite majirani."

Akaniuliza kama nataka kuirudia. Nikamwambia hapana.