Nilisoma Mimi, Joho Akavaa Mume Wangu

Admin, naomba usiweke jina wala picha. Nina miaka arobaini na tatu, ni mwalimu wa shule ya msingi huku vijiji vya Ulyankulu, mama wa watoto watatu. Nina cheti tu cha ualimu. Mume wangu naye alikuwa mwalimu wa cheti, tulipangiwa shule moja, ndiko tulikoonana. Leo ana shahada na kazi ya ofisini Tabora mjini. Amepanga chumba huko huko mjini, mtaa wa Kitete, huku nyumbani anakuja Jumamosi. Nawaeleza hiyo shahada ilivyopatikana, na anayetaka kunicheka anicheke.

Miaka mitano iliyopita tulikaa mbele ya mzee wetu wa kanisa, tukakubaliana kusoma kwa zamu chuo cha mtandaoni, maana mishahara miwili ya cheti haibebi ada mbili kwa mpigo. Aanze yeye, akimaliza nifuate mimi. Mshahara wangu ukawa wa ada, wake wa chakula. Baba yangu alikuwa amenigawia mizinga ya nyuki porini, tukasema pesa ya asali isiguswe, hiyo ndiyo ada ya zamu yangu. Kila msimu nilimkabidhi yeye akaweke benki. Sikuwahi hata kuuliza salio.

Kosa langu lilianzia kwenye kichuguu. Pale kwetu mtandao unashika sehemu moja tu, juu ya kichuguu nyuma ya nyumba za walimu. Yeye alipanda siku mbili, ya tatu akasema jua kali, mgongo unauma. "Mama Neema, hebu nisomee wewe, utakuja kunieleza." Nikapanda. Miaka mitatu nimekaa juu ya kichuguu kile, kitenge kichwani na simu mkononi, nasikiliza mihadhara yake, nachangia mada kwenye kundi la wanafunzi kwa jina lake, naandika kazi zake zote. Wenzake walikuwa wanamsifu, "Kaka, wewe ni kichwa!" Na mimi mjinga nachekelea peke yangu. Mitihani ikikaribia namfundisha kama ninavyofundisha darasa la sita, anarudia mpaka ashike, kisha anapanda basi kwenda kuufanya mjini. Najua ule ni udanganyifu, msinikumbushe. Wakati ule niliona ni mke na mume kusaidiana.

Akahitimu, akapandishwa daraja, akahamia mjini. Mimi nikasubiri zamu yangu. Mwezi huu nimekubaliwa chuo kile kile, na usajili unafungwa Jumatatu. Jumamosi iliyopita nikamwonyesha barua. Hakunipongeza. Alichukua karatasi na kalamu akaanza kunipigia hesabu.

"Una arobaini na tatu. Umalize na arobaini na sita, wakubadilishie daraja na arobaini na saba kama una bahati. Weka ada, bando, nauli za mitihani. Hiyo nyongeza utaila lini, na kustaafu ni sitini? Haikulipi, mama."

Jamani, mimi nafundisha hisabati! Nikaichukua kalamu ile ile. Kwa nyongeza aliyopata yeye, gharama zote zinarudi ndani ya miaka mitatu. Inabaki miaka kumi ya kula, na mafao ya kustaafu yanakuwa makubwa zaidi. Nikamuuliza, "Baba Neema, wewe ulianza na arobaini na mbili. Mbona kwako ililipa?"

Akacheka. "Lakini elimu si unayo tayari kichwani? Ulisoma yote wewe. Sasa karatasi ya nini tena?"

Niliumia, siwezi kuwaficha. Nikamwambia basi nipe pesa ya asali nijilipie. Hapo akainamisha kichwa. Kumbe ameshajisajili shahada ya uzamili, na asali ya misimu yote mitano ndiyo iliyolipa ada. Anasema akipanda yeye tumepanda wote. Halafu akafungua mkoba, akatoa kompyuta, akaiweka mezani mbele yangu. Kazi ya kwanza inatakiwa Jumapili hii. Akasema kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, "Nisaidie kama zamani. Wewe una mkono wa kuandika."

Nimemfuata mzee wa kanisa. Anakumbuka makubaliano yetu vizuri sana, ila anasema hatukuandikishana, nivumilie nisivunje nyumba. Nikigoma, mume wangu atafeli na asali yangu itakuwa imekwenda bure. Nikimwandikia, nimekuwa kibarua wake mpaka nistaafu. Nikimripoti chuoni, shahada itafutwa, watoto watakosa karo, na mimi mwenyewe ni mshirika. Naweza kukopa kwenye chama chetu cha walimu nijisajili Jumatatu, lakini makato yatanibana miaka miwili, na yeye ameshasema nikikopa nisimtegemee hata kwa unga.

Tena kuna jambo sijawaambia, na ndilo linaloniliza. Kazi yake nimeshaiandika. Juzi baada ya vipindi nilisema nasoma swali tu nione limekaaje, nikajikuta nimemaliza kurasa sita. Sijawahi kuandika vizuri namna ile. Niliandika kwa furaha, ndugu zangu, nikasahau kabisa kwamba nimeibiwa. Kesho Jumamosi anakuja kuichukua. Kompyuta iko hapa mbele yangu, imewashwa. Nimkabidhi, au niifute sasa hivi nikakope nijisomee yangu? Niambieni ukweli hata kama ni mchungu, maana kila nikiweka kidole nifute, naona ninachofuta ni changu.