Mtumbwi Katikati ya Kahawa

Mtumbwi wa mjomba wangu ulikamilika. Ulishonwa ubao kwa ubao hadi uzi wa mwisho, ukazibwa matundu yote, ukapakwa mafuta, na haukuwahi kugusa maji. Ziwa lilikuwa pale pale chini. Ukisimama ndani ya mtumbwi ule uliliona lote, hadi kule ambako visiwa hufanana na ng'ombe waliolala. Lakini kati ya mtumbwi na ziwa palikuwa na safu za kahawa, na kahawa ile ilikuwa ya mtu mwingine.

Nianze mwanzo, maana habari hii watu huisimulia kutoka katikati, na kila mtu ana katikati yake.

Tuliishi Miembeni, mjini Bukoba. Baba alikuwa fundi cherehani, mtoto wa watu waliotoka pwani wakaoa huku. Mama alitoka upande wa Muleba, katika nyumba ya Wakatoliki, akasilimu alipoolewa. Kila shule ilipofungwa kiangazi, mama alinifungia kanga mbili na kipande cha sabuni, akanipandisha lori lililokuwa likienda kuchukua kahawa. Nilishukia Kagoma. Hapo nilimkuta binti wa mjomba, tuliyelingana naye umri, ana ngata kichwani tayari kwa mzigo wangu. Tuliacha barabara tukatembea kuelekea ziwani mpaka jua likageuka.

Watu wa mjini hudhani kwamba anayeishi kando ya ziwa hufungua mlango akaona maji. Kule haikuwa hivyo. Nyumba zilikuwa juu, kila moja imezama ndani ya kibanja chake, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba pande zote, humwoni jirani hata akikohoa. Migomba ikiisha, ardhi inakatika ghafla kuwa genge la mawe. Chini ya genge ndipo palipokuwa na mchanga na mwalo wa wavuvi: vibanda vya nyasi, nyavu zilizotandazwa, mitumbwi iliyovutwa nje ya maji. Genge lile lilikuwa na ufa mmoja tu wenye mteremko mpole, ambao ng'ombe au chombo kingeweza kupita. Ufa huo ulikuwa mwisho wa kibanja cha jirani wa mjomba. Hilo likumbukwe, kwa sababu ndipo kila kitu kilipokwama.

Sisi watoto hatukukwama. Tuliteremka asubuhi na mitungi, tukarudi mchana na nywele zimejaa mchanga. Tulikoga nyuma ya matete, mahali ambapo kina mama walipiga kelele na kurusha mawe kwanza ili kumfukuza mamba, kama yupo. Tulivua furu kwa tenga bovu, tukawachoma kwenye moto wa wavuvi, tukawala na miiba yao. Meli ilipopita mbali ikielekea Bukoba tuliipungia mikono, na binti wa mjomba aliapa kila mara kwamba kuna mtu aliyetupungia. Nikikumbuka kiangazi kile, ndicho ninachotamani kukumbuka peke yake. Siwezi. Kila kumbukumbu ya mchanga ina mtumbwi juu yake, umekaa mlimani kama kuku anayeatamia mawe.

Mjomba alikuwa mpiga kasia katika chombo cha mtu mwingine. Samaki waliposhushwa, mwenye chombo alichagua kwanza, kisha mwenye nyavu, kisha wapiga kasia. Mjomba alipanda genge jioni na ngege wawili wadogo, pengine na mbofu ambaye mkia wake umeshaliwa na fisi maji, na mke wake aliwatazama samaki hao, akamtazama na yeye, akaenda kumenya ndizi bila kusema neno. Ni kimya hicho, nadhani, kilichomfanya aangushe mvule uliokuwa nyuma ya nyumba yake na kutangaza kwamba anaunda mtumbwi wake mwenyewe.

Likizo hiyo nilikuta mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, umelazwa chini ya kivuli cha migomba. Mjomba alikuwa akiuchonga kwa tezo. Alinyoosha mgongo aliponiona.

"Mwana wa dada, unaona nini?"

"Gogo, mjomba."

"Kiangazi kijacho utakaa mbele kabisa, pale penye ncha. Utakuwa wa kwanza kulowa."

Mke wake alicheka akiwa jikoni. "Msichana kwenye chombo kipya? Samaki watakimbilia Uganda."

"Wakimbie," mjomba akasema. "Huyu atakaa. Na huyu wangu nyuma yake."

Basi mimi nilikuwa na ahadi. Yeye alikuwa na mkuku.

Kila mtu alimwambia achukue mbao akaungie mwaloni. Alikuwa na majibu, na majibu yake yalikuwa mazuri, ndiyo shida. Jua la mchangani lingepasua mbao. Na akiziacha mwaloni usiku mmoja, asubuhi angekuta zimekaushia samaki wa watu. Kuhusu njia, hakuwa na wasiwasi: kutoka kwenye mpaka wake hadi kwenye ufa palikuwa na ukanda wa nyasi ambamo watu na ng'ombe walipita tangu zamani. Ukanda ulikuwa ndani ya kibanja cha jirani, lakini jirani alikuwa wa ukoo mmoja naye. Walikunywa lubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja karibu kila jioni.

Likizo iliyofuata, ubavu mmoja wa mtumbwi ulikuwa umesimama, mbao zimeshikana kwa nyuzi za mti wa mwale zilizopitishwa kwenye matundu ya kuchoma kwa chuma. Ulikuwa mzuri. Niliteremka na binti wa mjomba kwenda kuliona ziwa, na katika ukanda wa nyasi tukakuta miche ya kahawa, imepandwa kwa kamba, safu baada ya safu, kila mche umejengewa kivuli kidogo cha majani. Njia ya mtu mmoja mmoja ilikuwa imeachwa. Tulipita tukiwa tumeinua sketi zetu.

Jioni ile jirani alikuja kama kawaida. Nilikaa karibu na mlango, nikasikiliza.

"Ndugu yangu," mjomba akasema, "siku ya kukishusha chombo haiko mbali."

"Nasikia. Chombo kizuri. Nimekisifu hata Kagoma."

"Ni njia tu."

"Njia ipo. Njia haijaenda popote."

"Ina kahawa."

"Kahawa yenyewe ni mtoto mchanga," jirani akasema kwa upole. "Tungoje izae kwanza, tujue imeleta nini."

Mjomba akampitishia kibuyu. Nilitaka aseme neno. Mgeni akikuambia ungoje ndani ya nyumba yako mwenyewe, huku ameshika kibuyu chako, lazima kuwe na neno la kusema. Hakulisema.

Niliporudi Miembeni, mama aliniuliza kabla sijatua mzigo, "Chombo kimeshuka?" Nikamweleza. Baba alikuwa kwenye cherehani, akaacha kukanyaga.

"Shemeji yangu amejenga safina," akasema. "Sasa anangoja gharika imfuate huko juu." Kisha akafikiri kama fundi. "Si umeshonwa? Mwambie aufumue, ateremshe mbao moja moja, aushone upya chini."

Niliubeba ushauri huo mwaka mzima, nikijua kwamba ndio utakaotuokoa. Nilipoufikisha, mjomba aliweka tezo chini.

"Mwambie baba yako suruali ndiyo hufumuliwa. Uzi ukitoka, tundu limepanuka, na tundu likipanuka maji yanaingia. Mwambie hivyo."

Nikaenda mwenyewe kwa jirani. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta amepiga magoti kwenye safu zake, anapalilia kwa mikono. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini amepanda kahawa njiani wakati kibanja chake ni kikubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu mzima mwenzake, akaingiza mkono mfukoni.

"Shika kamwani, bojo," akasema kwa kubembeleza, akanimwagia kiganjani zile buni zilizochemshwa na majani zikakaushwa, ambazo kwetu mgeni lazima apewe atafune. Ukipewa kamwani huwezi kuendelea kugomba. Nilirudi na mdomo umejaa kahawa. Nilikwenda tena siku nyingine, na nyingine. Nilichokusanya ni kamwani.

Kulikuwa na maelezo mengi kijijini, nami niliyachukua yote. Mmoja alisema jirani aliudai mvule ule kuwa wa babu yao wote wawili. Mwingine alisema bwana shamba alimsifu mbele ya watu, na mtu akisifiwa hawezi tena kung'oa. Mke wa mjomba alisema ni wivu, basi. Jirani mwenyewe sikuwahi kumsikia akilalamika juu ya chochote.

Kahawa ikazaa. Mjomba akauliza tena.

"Imezaa," jirani akakubali, na uso wake ulikuwa na furaha ya kweli. "Umewahi kuona mtu anakata mti unaozaa?"

Wakati huo mtumbwi ulikuwa umekwisha. Ulijaa nyuma ya nyumba, ncha yake imeinuka juu kuliko migomba michanga, kuku wanataga ndani. Watu wa mwaloni waliokuja kununua ndizi walipita kuuangalia. "Mzee, huu ni wa kukanyagia ndizi?" mmoja akamtania. "Pombe yake itatosha Ihangiro nzima. Ikiiva tuite." Mjomba alicheka pamoja nao. Alfajiri akateremka kupiga kasia katika chombo cha mtu.

Kiangazi cha mwisho nilichokuwa mtoto, alikata shauri. Aliwaita wanaume wa ukoo Jumapili baada ya misa, akatenga lubisi, akasema watainua chombo na kukipitisha, kahawa itakayovunjika atailipia kwa miche. Wa kwanza kufika alikuwa jirani. Aliikunja kanzu yake kiunoni, akashika gogo la kubebea la mbele kabisa. Nilimwona mjomba akimtazama, na kwa mara ya kwanza niliamini.

Waliinua. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile kikitembea. Migomba ya mjomba ilikatwa kuupisha, na mtumbwi ukaenda ukiyumba juu ya mabega mpaka kwenye mulamula, ile mimea myembamba tunayopanda mipakani. Ukaigonga, ukaivunja, ncha ikaingia ng'ambo. Hapo wa mbele wakasimama. Kahawa ilikuwa kifuani mwao, imejaa buni.

"Piteni," jirani akasema.

"Tangulia wewe mwenye shamba," mtu wa nyuma akaita. "Tutakanyaga ulipokanyaga."

"Mguu uliopanda hauwezi kukanyaga. Nyinyi piteni tu. Mgeni akikanyaga si kosa."

"Sisi si wageni. Sisi ni ndugu zako."

"Basi kama ni ndugu," jirani akasema, "mnajua kahawa ni nini."

Hakuna aliyesogea. Jasho liliwatoka. Mjomba alikuwa katikati, bega lake chini ya ubavu wa chombo, na niliona midomo yake ikifunguka. Lile neno lilikuwa pale. Nililingoja kwa mwili wangu wote.

"Mabega yanakatika," mtu akasema. "Kama ni kungoja, tungojee chini, na lubisi."

Wakatua. Jirani alikuwa wa mwisho kuachia, akiangalia mtumbwi usilale vibaya.

Mjomba alizunguka chombo chake mara moja, kisha akatuita, mimi na binti yake. Alininyanyua akaniketisha kwenye ncha, akamweka binti yake nyuma yangu. "Nilisema mtakaa," akasema. Tukakaa. Majani ya kahawa yaliniwasha miguuni. Chini kabisa ziwa lilikuwa shwari, na watoto wengine walikuwa wakikoga nyuma ya matete, sauti zao zikitufikia ndogo ndogo. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwapo, na zaidi nilikasirika kwamba hakukuwa na mtu aliyetenda jambo ambalo ningeweza kulitaja kwa jina lake.

Mke wa mjomba alikuja na kisu mkononi. "Mmekwisha kukaa? Shukeni mkamenye ndizi. Watu hawa watakula."

Kesho yake wanaume hawakurudi, wala mjomba hakuwaita tena. Alipiga kasia katika chombo cha mtu mwingine mpaka kifua kilipomzuia. Alifariki, na jirani, aliyechimba kaburi lake pamoja na wengine, akamfuata. Nyuzi za mwale zilioza, mbao zikafunguka moja moja, nyingine zikawa milango. Mkuku ulibaki ulipotuliwa, na mulamula ikaota upya pande zote mbili, mbele yake na nyuma yake.

Kwa sababu hiyo, watoto wa jirani wanasema mpaka unapita nyuma ya mtumbwi. Watoto wa mjomba wanasema unapita mbele, mahali nilipokaa. Wazee wa baraza walikwenda kutazama. Walipewa kamwani kwenye nyumba ya kwanza, na kamwani kwenye nyumba ya pili, wakasema jambo hili si la haraka, watarudi mavuno ya kahawa yakiisha. Mavuno hayo yaliisha, na mengine baada yake. Hawajarudi.