Fungua, kwa Lugha ya Nani?

Miaka ile kila kitu kilikuwa kimoja: chama kimoja, redio moja, na laini moja ya stima iliyotoka mjini Eldoret ikapanda kuelekea Kaptagat. Laini hiyo niliichora mimi. Nilikuwa mwanamke pekee katika chumba cha mipango cha ofisi ya stima, na unyenyekevu haukuwa ugonjwa wangu. Kazi niliijua kuliko wanaume watatu niliokaa nao, na waliponituma chai niliwaonyesha birika lilipo.

Tulipofika kwenye kitongoji kimoja juu huko, tukakuta stima imetutangulia. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa ameziba kijito kinachopita shambani mwake, akayateremsha maji kwa bomba hadi kwenye gurudumu la chuma, na gurudumu likazungusha jenereta kuukuu aliyoipata kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa. Mtambo huo ulisaga mahindi ya majirani, ukawasha taa za nyumba sita, na ukaendesha friji ya chanjo katika zahanati ya hapo. Niliuzunguka mara mbili bila kusema neno, jambo ambalo wenzangu hawakuwa wamewahi kulishuhudia.

Mkubwa wetu alikuja siku ya pili, beji ya chama kwenye koti, akatoa uamuzi kabla hajashuka kwenye Landrova. Anayetaka stima ya laini ang'oe mtambo wake. Kwake yeye laini ilikuwa na mwenyewe mmoja, na mwenyewe ni ofisi.

Nilimbishia pale pale, mbele ya fundi wa laini na Mwalimu mwenyewe. Nilimweleza kwamba mvua ikianza miti ya misipresi huangukia nyaya, na huku juu watu hukaa gizani siku tatu wakitungoja. Gurudumu nalo hupenda mvua. Kwa nini tuharibu kitu kinachofanya kazi siku zile zile ambazo sisi hatufanyi? Na chanjo za watoto wote wa kitongoji zingeharibika ndani ya friji ile, angeenda yeye kuwaeleza mama zao? Mkubwa akasema niandike masharti mimi, na chini niweke sahihi yangu, si yake.

Niliweka kwa raha. Jambo la kuogopwa lilikuwa moja tu na nililijua. Laini ikizimwa, fundi akapanda nguzo kuitengeneza, mtambo wa Mwalimu usije ukasukuma stima kurudi kwenye nyaya na kumkuta huko juu. Kwa hiyo tuliweka swichi mbili ukutani kwenye kinu cha kusagia, moja ya laini na moja ya mtambo, nami nikaandika sharti kwa Kiswahili. Barua zote za ofisi zilikuwa za Kiingereza, na mimi nilijiona nimewafaa watu. Niliandika: "Stima ya laini ikipotea, fungua swichi ya laini, ndipo uwashe mtambo."

Mvua zilipoanza, msipresi ukaanguka kama nilivyosema. Fundi wa laini alipanda nguzo asubuhi. Alikuwa mzee kutoka upande wa magharibi, mtu wa maneno machache, na kwenye mkanda wake alibeba mnyororo mrefu ambao vijana wa ofisi waliucheka. Kabla ya kugusa waya wowote aliurusha mnyororo juu ya nyaya, ncha nyingine ikiwa imefungwa kwenye chuma kilichopigwa ardhini. Laini ilikuwa imezimwa mjini, lakini siku hiyo mnyororo ulitema moto. Alishuka, akakaa kwenye nyasi, na waliokuwa naye walisema alikaa muda mrefu bila kuomba hata maji.

Habari ilipofika ofisini mkubwa hakupaza sauti. Aliniambia tu nichukue koti, twende tukang'oe mtambo. Njiani nilikuwa nimewaka hasira, na hasira zote nilimwelekezea Mwalimu. Nilikuwa nimempigania, naye hakuweza kufuata mstari mmoja?

Alitupokea mlangoni pa kinu. Barua yangu alikuwa ameibandika ukutani juu ya swichi, na kando yake daftari ambamo aliandika kila mara stima ilipopotea, kwa mwandiko wa ubaoni. Swichi ya laini ilikuwa imewashwa. Nilimuuliza, na sauti yangu haikuwa na heshima iliyomstahili, kwa nini hakuifungua.

"Lakini imefunguliwa, mwanangu," alisema. "Nimeikuta imefunguliwa, nikaiacha hivyo. Nikifunga maji, maji hayapiti. Nikifunga redio, inanyamaza. Wewe umeandika fungua."

Niliisoma tena barua yangu pale ukutani. Chuoni tulifundishwa kwa Kiingereza kwamba swichi ikifunguliwa vyuma vyake huachana na stima haipiti. Nilikuwa nimelibeba neno zima zima kutoka darasani, nikalipandisha hadi kwa mtu anayeishi kwa kufungua na kufunga mlango wa maji. Ningemuuliza mama yangu, angenieleza vilevile kama Mwalimu. Nilikuwa nimemwandikia mtu amri ya kuua, kwa mwandiko mzuri, na nimetia sahihi.

Nilimwambia mkubwa hapo hapo kwamba kosa ni langu. Nilisema pia, kwa sababu mimi ni mimi, kwamba kosa la neno halitibiwi kwa kung'oa gurudumu. Mkubwa alikuwa anafungua mdomo wakati fundi wa laini, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, alipozungumza. Alisema kama kuna mtu wa kukasirika hapa ni yeye, na yeye anataka kuona kwanza Madam, alivyoniita, atatengeneza nini.

Nilitengeneza mpini mmoja. Tuliondoa zile swichi mbili, tukaweka moja yenye mpini wa kwenda juu au chini, na haukuweza kuwa kote kwa wakati mmoja hata ungeubembeleza. Juu Mwalimu alipaka rangi neno MJI, kwa stima ya laini, chini neno MTO, kwa ile ya gurudumu. Hakuna kufungua, hakuna kufunga. Barua yangu niliibandua mwenyewe.

Siku ya kuujaribu, mkubwa alisema atatia sahihi endapo fundi atakubali kushika waya. Laini ikazimwa mjini. Fundi alipanda nguzo iliyo mbele ya kinu, taratibu, mnyororo wake ukiwa tayari unaning'inia kwenye nyaya. Alipofika juu aliita.

"Mwalimu! Fungua hiyo kitu yako!"

Mwalimu akatoa kichwa dirishani.

"Kwa lugha ya nani, Mzee?"

Hata mkubwa alicheka. Fundi alicheka hadi mkanda ukatikisika, akasema basi, weka kwa mto. Tulisikia mpini ukishuka, gurudumu likapata uzito, na ng'ambo ya barabara friji ya zahanati ikaanza kunguruma. Mnyororo ulitulia, haukutema moto.

Wote walikuwa wanautazama mnyororo. Mimi niliutazama mkono wa fundi. Alivua glavu, akaitia mfukoni, akanitazama kule chini nilikosimama na barua yangu imekunjwa kiganjani, kisha akaushika waya.