Miguu Iliyolalia Ndani

Watu wa mtaani kwetu, hapa Mombasa mjini, walinisifu mwendo kabla hawajanisifu sura. Walisema nikipita najivuta kwa madaha, kifua mbele, kiuno nyuma, mguu nautia chini kama sitaki kufika niendako. Walidhani naringa. Ilikuwa ikinipanda hasira mpaka masikioni! Nilikuwa naumwa, tena tangu utotoni, na lau ningeweza kukimbia, wasingeniona hata kisogo.

Nyayo zangu hazina uvungu. Nikikanyaga sakafu ya chokaa kwa mguu wenye maji, alama inayobaki ni pana, imejaa kama mkate wa mofa. Vifundo huangukia ndani, magoti huvifuata yakagusana, na kiuno nacho hujipinda ili kunizuia nisipepesuke. Mtu akiniambia nisimame wima, husimama, na papo hapo maumivu huanza kisiginoni yakapanda magotini, nyongani, yakaja kutua chini ya mgongo. Hapo ndipo yanapopenda kukaa.

Mama alijua. Siku ya kupakwa hina aliniinamia sikioni akaninong'oneza, "Maguu yako usimwonyeshe mtu, mwanangu. Leso ishushe." Nikaishusha. Nikaolewa kwa sifa ya mwendo wangu, katika nyumba ya ghorofa karibu na forodhani, yenye ngazi nyembamba zilizosimama kama ukuta.

Mume wangu alikuwa karani, mtu mpole, akitoka asubuhi na kurudi magharibi. Mchana wote nilikuwa na mavyaa wangu, mama yake mume. Alikuwa mjane, mwana wake ni huyo mmoja tu, na kazi yake kushona kofia. Macho yake yalizoea kutafuta kosa katika tundu dogo la uzi, kwa hiyo nilikuwa nikimwogopa kuliko nilivyomwogopa baba yangu. Ndani ya nyumba yake wanawake tulivaa mitalawanda, vile viatu vya mti vyenye kijiti cha kubanwa na vidole. Yeye akitembea navyo utadhani amezaliwa navyo. Mimi vilinilalia ndani, vifundo vikagongana mpaka vikachubuka, maana mti haupindi kumfuata mtu. Haukupita muda nikawa nashuka ngazi kwa ubavu, mkono mmoja ukutani, mwingine mgongoni. Jioni miguu ilikuwa imevimba.

Mavyaa aliona, lakini hakuuliza. Kesho yake nikakuta sahani ya embe mbichi, chumvi na pilipili juu yake. Nikala, nani akatae? Nikienda kukuna nazi, aliniondoa kwenye mbuzi akakaa yeye. "Wata, mwanangu, wata. Takuna mimi." Nikiketi, aliniwekea mto nyuma. Nilisema moyoni, kumbe watu humsingizia bure ukali mama huyu, mbona ana huruma hivi!

Mpaka jirani wa dirisha la pili alipotoa kichwa akaniita juu ya kichochoro, kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, "Hongera, bibi! Twasikia mgeni yuaja!"

Ndipo nilipofahamu. Bi arusi, mkono mgongoni, tumbo mbele, miguu imevimba. Watafikiri nini kingine?

Nilitaka kumwambia siyo. Lakini mkaza mwana hakai na mavyaa wake wakazungumza habari za tumbo. Aibu hiyo haikuwa na pa kupitia. Tena mimi nilikuwa mtoto. Nilijisemea, yeye amezaa, huenda anakijua nisichokijua. Nikaanza kutumaini. Alasiri moja nikaona kofia aliyokuwa akiishona mapajani, ndogo, haimwenei mwanamume yeyote ninayemjua, na alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Nilimpenda siku ile. Na nilihofu, kwa sababu nilijua upole wote ule ulikuwa wa mtu mwingine, na kama hayupo, nitabaki mimi na miguu yangu.

Alfajiri tulizoea kuswali pamoja. Yeye ndiye aliyetandika miswala miwili. Basi ikafika alfajiri ambayo nilikuwa mwezini, sikushuka kutia udhu, na mwanamke mwenye macho yake haambiwi maana yake. Nilisikia mitalawanda ikipanda ngazi taratibu. Akasimama mlangoni na taa.

"Huswali leo?"

Nikatikisa kichwa. Uso wake ulisawijika, nami nikauona unavyosawijika. Niliwaza nitarudishwa kwetu. Niliwaza mume wangu atatafutiwa mwingine, mwenye miguu ya watu. Kisha akasema, "Basi huo mgongo wakuumani?"

"Si mgongo, mama. Ni maguu."

Nikaipandisha leso.

Akaweka taa chini, akaketi sakafuni mbele yangu, yeye mtu mzima, akauchukua mguu wangu akauweka mapajani. Nikaona haya nikauvuta. "Wata, nione." Akakibonyeza kifundo kwa ndani, pale penye jeraha, akakishika kisigino akakigeuza huku na huku kama anayekagua mshono. Kisha akatia kiganja chake chini ya wayo wangu, pale pasipo na uvungu, akaniambia, "Simama."

"Nitakuumiza, mama."

"Simama, nakwambia."

Nikasimama juu ya mkono wa mavyaa wangu. Goti likanyooka. Mgongo ukaachia. Sikuwa nimewahi kujua kuwa watu wengine husimama hivi kila siku bila kushukuru. Nikalia, na nilikuwa nalia kwa raha.

"Na ngazi zangu wazipanda hivi siku zote?" akasema. "Nami nakusikia, nasema, mke wa mwanangu aringa." Akainuka akijishika ukuta. "Ngoja niswali, jua lisinitokee."

Kile kikofia alikitia sandukuni, hakukitaja. Mitalawanda yangu akampa mtu. Alimwagiza mume wangu aniletee makubadhi ya ngozi, akakunja nguo ya marikani tabaka juu ya tabaka akaishona kwa sindano ya kofia, akaitia ndani ya kiatu pale alipotia mkono wake. Ya kwanza ilikuwa nene, ikaniumiza, akaifumua akinung'unika kana kwamba kosa ni la wayo wangu. Ya pili ikakaa. Maumivu hayakuisha, hata leo nikisimama sana arusini nayasikia. Lakini nilishuka ngazi nikitazama mbele.

Siku moja jirani yule wa dirishani akaja kutuamkia. Alipokwisha kuulizia hali za nyumba nzima, akanitazama tumbo, akamgeukia mavyaa. "Na yule mwana tuliyeambiwa, yu wapi?"

Nilikuwa naingia na sinia la kahawa. Nikasimama palepale.

Mavyaa hakuinua macho kwenye kofia yake.

"Mwana si huyu?" akasema. "Ndiyo kwanza aanza kutembea."